Kodi ya Mkulima na Ulimi wa Mwanachuoni

Iguguno ni kata ya wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, kando ya barabara kuu itokayo mjini Singida kwenda Nzega. Nchi yake ni ya ukame. Mvua huja msimu mmoja kwa mwaka, na mwaka mwingine huja kwa ubahili. Watu wake hulima uwele, mtama na alizeti, hufuga ng'ombe na mbuzi, na huitazama akiba ya ghalani kwa uangalifu wa mtu ajuaye kwamba mwaka una miezi kumi na miwili na mvua haina ahadi. Kutoka hapo hata kilima cha Ubungo, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mwendo wa kilomita 700 hivi. Mtu aweza kudhani kwamba ubishi wa wanavyuoni juu ya uhuru wa kufundisha, kuchunguza na kusema ni ubishi wa mbali usiomhusu mkulima wa Iguguno. Historia ya Tanzania yaonyesha kinyume. Toka chuo hicho kilipozaliwa, mkulima ametajwa katika kila ugomvi mkubwa uliozuka humo. Serikali imemtaja, wanafunzi wamemtaja, na walimu wamemtaja. Yeye mwenyewe ameitwa kutoa ushahidi mara chache sana.

Uhuru wa mwanachuoni ni kitu gani? Wengine huutafsiri kuwa ni ruhusa ya mtu mwenye shahada kusema apendalo bila ya kujibu kwa mtu yeyote. Hiyo siyo maana yake. Uhuru huu ni haki ya mwalimu wa chuo kikuu kuchagua jambo la kuchunguza, kulichunguza kwa njia za elimu yake, kuyatangaza aliyoyaona hata yakiwa machungu, na kuwafundisha wanafunzi wake kufanya vivyo hivyo, pasipo kuhofia kufukuzwa, kufungwa au kunyimwa mkate. Haki hii ina umri mkubwa duniani. Katika karne ya 12 wanafunzi na walimu wa Bologna walipewa na Kaizari hifadhi ya kusafiri na kusoma kwa amani. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810, kiliukuza msemo kwamba mwalimu awe huru kufundisha na mwanafunzi awe huru kujifunza. Mwaka 1915 maprofesa wa Marekani waliandika tangazo lao la kwanza juu ya jambo hili, kwa sababu matajiri waliovifadhili vyuo walikuwa wakiwafukuza walimu waliowaudhi. Kila mahali chanzo kilikuwa kimoja: mwenye nguvu au mwenye fedha alitaka elimu imtumikie, na elimu ikaona kwamba ikimtumikia huyo peke yake itakufa.

Katika Tanganyika jambo hili lilizaliwa pamoja na uhuru wa nchi. Chuo Kikuu kishiriki kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi ishirini. Na nyumba yake ya kwanza ilikuwa jengo la chama cha TANU. Nchi haikuwa na nyumba nyingine ya kukipa. Mwaka 1963 chuo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia Ubungo, mahali ambapo hata leo huitwa Mlimani. Jengo la chama lilikuwa ukarimu wa kweli, lakini mwenye kukaribishwa nyumbani kwa mtu huona haya kumwambia mwenyeji kwamba paa lake linavuja.

Gharama ya chuo ililipwa na nani? Fedha nyingi za majengo zilitoka ng'ambo, lakini matumizi ya kila siku yalitoka katika hazina ya nchi, na hazina ya nchi ilijazwa na wakulima. Watu wa Iramba, ambamo zamani Mkalama na Iguguno zilihesabiwa, waliijua kodi kabla ya kujua chuo kikuu. Wajerumani, waliokuwa na boma lao Mkalama, walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897 katika koloni lao. Waingereza wakaiendeleza pamoja na kodi ya kichwa. Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliendelea kutozwa hata ikafutwa mwaka 1969. Katika miaka ya 1980 ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na mwaka 2003 ikafutwa tena. Zaidi ya hiyo palikuwa na ushuru wa mazao, na bei za mabodi ambazo zilimwachia mkulima sehemu ndogo ya thamani ya jasho lake. Hivyo mtu wa Iguguno aliyekuwa hajapata kumwona profesa alikuwa amekwisha kumlipa mshahara.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona jambo hili wazi kuliko viongozi wengi wa zama zake. Mwaka 1964 alilieleza kwa mfano ambao umekumbukwa tangu hapo. Alimfananisha mtu aliyesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Naye akikila chakula kile asirudi, ni msaliti. Mfano huu ni wa haki, na msomaji aliyezaliwa nchi ya ukame huuelewa bila ya kufafanuliwa. Lakini una swali ndani yake ambalo halikuulizwa vya kutosha. Je, mjumbe yule akirudi na habari badala ya chakula? Akirudi kusema kwamba njia waliyoichagua wazee ina shimo, je, naye ni msaliti?

Mwezi wa Juni 1966 Nyerere alihutubia mkutano wa wanavyuoni wa kimataifa uliofanyika Dar es Salaam. Hotuba ile ilikuwa ya busara. Alikubali kwamba kazi ya chuo kikuu ni kuutafuta ukweli kwa akili isiyofungwa, na papo hapo akataka wasomi wawe sehemu ya watu wao na wawatumikie. Miezi minne baadaye mambo yakaingia katika mtihani. Serikali ilitangaza kwamba wahitimu watalitumikia taifa kwa muda wa miaka miwili, sehemu yake katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa na sehemu kubwa kwa mshahara uliopunguzwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao, na bango moja likadai kwamba hali ilikuwa bora wakati wa ukoloni. Rais alikasirika. Alitangaza kuwa atapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Hukumu ya tukio hili haiwi nyepesi. Wanafunzi wale walitetea kipato chao, na lile bango la kuusifu ukoloni lilikuwa tusi kwa mkulima aliyelipa kodi ya Mwingereza. Bali kufukuzwa kwa pamoja, pasipo kumsikiliza mtu mmoja mmoja, kuliacha fundisho jingine lililodumu kuliko lile la utumishi. Chuo kilijifunza kwamba kosa la kusema vibaya na kosa la kusema tu huadhibiwa kwa fimbo moja.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mlimani palichangamka. Walitoka walimu na wanafunzi kutoka pande nyingi za dunia, kwa kuwa Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Rhodesia na Afrika ya Kusini. Mmoja wa walimu hao alikuwa Walter Rodney wa Guyana, mwanahistoria ambaye serikali ya Jamaica ilimkataza kurudi chuoni kwake mwezi wa Oktoba 1968 kwa sababu ya mafundisho yake miongoni mwa maskini wa Kingston. Tanzania ilimpokea. Mwezi wa Desemba 1969 Rodney alizungumza katika semina ya vijana juu ya mapinduzi ya Afrika, na maneno yake yakachapwa katika gazeti la chama, The Nationalist. Tarehe 13 Desemba gazeti lilelile likaandika tahariri kali ya kumkemea, likionya kwamba mgeni hana ruhusa ya kutumia ukarimu wa nchi kuhubiri kupinduliwa kwa serikali za Afrika. Rodney alijibu kwa barua, akaeleza nia yake, wala hakufukuzwa. Aliendelea kufundisha hata mwaka 1974, na mwaka 1972 kitabu chake maarufu juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa kwa ushirika wa wachapaji wa London na Dar es Salaam. Tukio hili lastahili kutajwa kwa haki ya pande zote mbili. Serikali ilijibu hoja kwa wino, na mwalimu akaijibu kwa wino. Hivyo ndivyo ugomvi wa elimu upaswavyo kwenda.

Haikuwa hivyo kwa wanafunzi. Mwezi wa Novemba 1969 walianzisha gazeti lililoitwa Cheche, na mwaka uliofuata toleo lake maalumu likabeba makala ndefu ya mwanafunzi wa sheria, Issa Shivji, aliyedai kwamba ndani ya ujamaa uliotangazwa tabaka jipya la wakubwa lilikuwa likikua kimya kimya. Novemba 1970 Cheche likapigwa marufuku pamoja na chama cha wanafunzi kilichokuwa kikilitoa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba jina la gazeti lilifanana na la gazeti la Warusi, na Tanzania ilikuwa ikijenga ujamaa wake wenyewe. Hoja ya makala haikujibiwa. Jina la gazeti ndilo lililojibiwa.

Wakati huo chuo kilikuwa kimekwisha kuwa Chuo Kikuu kamili cha taifa, tangu tarehe 1 Julai 1970. Rais wa nchi akawa Mkuu wake, na Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa, aliyetoka moja kwa moja katika ukatibu mtendaji wa TANU. Mwaka 1971 chama kilitoa Mwongozo wake, uliolaani ubwana na dharau ya viongozi kwa waongozwa. Mwezi wa Julai mwaka uleule, kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu kulalamikia uongozi wa chuo, na wanafunzi wakatumia maneno ya Mwongozo kuwa kipimo. Akivaga alisimamishwa masomo, polisi wenye silaha wakamchukua, akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakasusia masomo, na walimu wengi wakaona kwamba kipimo kilichotolewa na mkubwa chaweza kumpima mdogo, lakini kikigeuzwa kumpima mkubwa huitwa uasi.

Msomaji aweza kuuliza, Iguguno ilikosa nini kwa kukosa Cheche? Jibu lilikuja miaka mitatu baadaye, wala halikuja kwa maandishi. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kati ya mwaka huo na 1976 mamilioni ya wakulima wa Tanzania bara walihamishwa katika Operesheni Vijiji. Nyumba zilibomolewa, nyingine zilichomwa moto, na watu wakashushwa mahali walipopangiwa. Katika nchi za ukame kama Singida, kuhama siyo kubeba mizigo tu. Mkulima wa uwele hujua ni bonde gani hubaki na unyevu mvua ikikatika, ni udongo gani huchoka baada ya misimu mitatu, na mbuga ipi hufaa ng'ombe mwezi wa kiangazi. Makazi yake yalitawanyika kwa sababu rutuba na maji vilitawanyika. Kuwakusanya watu kandokando ya barabara kulileta shule na zahanati karibu, na hilo ni jema lisilokanwa; lakini kulizitenga nyumba na mashamba, na kulikusanya mifugo mahali ambapo malisho hayakutosha. Mwaka 1974 na 1975 nchi ilipata upungufu mkubwa wa chakula, ikalazimika kununua nafaka nyingi ng'ambo. Ukame ulikuwa na sehemu yake, na wataalamu wameendelea kubishana ni sehemu gani ilitokana na mbingu na ipi na mipango.

Ubishi huo ulitakiwa ufanywe kabla watu hawajahamishwa. Chuo kikuu kilikuwa na watu wa kuufanya; kilikuwa na taasisi ya kuchunguza rasilimali na matumizi ya ardhi, na walimu waliokuwa wakitembea vijijini. Wengine waliandika na kuonya, kwa lugha ya pole na katika majarida yasomwayo na wachache. Vitabu vikubwa vya uchambuzi, kama kile cha Michaela von Freyhold aliyefundisha Mlimani na kuchunguza vijiji vya Tanga, vilitoka mwishoni mwa muongo, tena London. Wakati huo mtu wa Iramba alikuwa amekwisha kujenga nyumba yake ya pili. Hapa ndipo yaonekana gharama ya kweli ya kumfumba mdomo mwanachuoni. Hasara yake mwenyewe ni ndogo, maana aweza kwenda kufundisha mahali pengine. Hasara kubwa humwangukia yule asiyekuwa na mahali pengine pa kwenda.

Majirani nao walikuwa na mwaka wao. Uganda, mwezi wa Oktoba 1968, mhariri wa jarida la Transition, Rajat Neogy, alitiwa kizuizini, na jarida lililokuwa uwanja wa wasomi wa Afrika nzima likanyamaza mjini Kampala. Mwaka 1972, chini ya Idi Amin, Makamu Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa serikali asionekane tena. Mwaka uliofuata Ali Mazrui, profesa wa siasa aliyezoea kuwajibu watawala hadharani, aliihama nchi. Kenya, mwaka 1969 Ngugi wa Thiong'o alijiuzulu ualimu wake Nairobi kupinga kudidimizwa kwa uhuru wa elimu baada ya hotuba ya Oginga Odinga kuzuiliwa chuoni. Na mwisho wa Desemba 1977 alitiwa kizuizini mwaka mzima, baada ya mchezo wake wa Kigikuyu kuchezwa na wanakijiji wa Kamirithu. Mwaka 1982 walimu kadhaa wa chuo kile, miongoni mwao Willy Mutunga na Al-Amin Mazrui, walitiwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Tanzania haikufikia ukatili wa Amin. Lakini jirani akiunguliwa nyumba, mwenye hekima hutazama paa lake, wala hajisifu kwamba lake linafuka moshi tu.

Mwezi wa Machi 1978 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Safari hii waliotetea matumbo hawakuwa wanafunzi. Wanafunzi ndio waliolitaja jasho la mkulima. Mamia yao walifukuzwa. Tukio la 1966 na hili la 1978, yakitazamwa pamoja, huonyesha jambo la kusikitisha: waliosema kwa ajili ya nafsi zao na waliosema kwa ajili ya wengine walipewa jawabu moja.

Miaka ya 1980 ilileta adui wa namna nyingine. Uchumi ulianguka, na mwaka 1986 serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mshahara wa mhadhiri ukawa hautoshi chakula cha mwezi. Maktaba zikakosa vitabu vipya. Walimu wengine wakahama, wengine wakafuga kuku. Ndipo walimu wenyewe walipoamua kuiandika haki yao. Tarehe 19 Aprili 1990 wajumbe wa jumuiya za wanataaluma wa vyuo sita, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Ushirika, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo cha Mzumbe na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, walitoa Azimio la Dar es Salaam juu ya Uhuru wa Taaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Jina lake lilibeba mizani: uhuru upande mmoja, wajibu upande wa pili. Liliitaka dola isiviingilie vyuo na ivipe fedha za kutosha. Lilitaka mwalimu asifukuzwe pasipo kusikilizwa kwa haki. Na liliwataka wanataaluma wasiutumie uhuru wao kuwadhuru wengine, bali wawe pamoja na wananchi katika kutafuta haki. Mwezi wa Novemba mwaka uleule wasomi wa Afrika, chini ya baraza lao la utafiti wa sayansi za jamii, walikutana Kampala na kutoa tangazo lao lenye roho hiyohiyo.

Wino wa Azimio ulikuwa haujakauka wakati chuo kilipofungwa. Mei 1990, baada ya mgogoro wa wanafunzi na serikali, Rais Ali Hassan Mwinyi, akiwa Mkuu wa Chuo, alikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakikufunguliwa hata mwaka 1991 ulipoanza. Hivyo azimio la haki na amri ya kufunga vilitengana kwa majuma machache tu. Mtu wa pupa angesema kwamba karatasi ilishindwa na amri. Lakini karatasi ina subira kuliko amri.

Kwani mwezi wa Januari 1991 serikali hiyohiyo iliunda Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, na uenyekiti wake akapewa profesa wa sheria, Issa Shivji, yule ambaye makala yake ya ujana ilitangulia kufungwa kwa Cheche. Tume ilizunguka mikoa ya bara kuwasikiliza wananchi katika mikutano ya hadhara, na sehemu kubwa ya malalamiko iliyoyapokea ilitokana na Operesheni Vijiji: watu waliohamishwa wakidai mashamba ya asili, na waliopewa mashamba hayo wakidai kwamba wamekwisha kuyalima miaka mingi. Ripoti yake ya mwaka 1992 ilitaka mamlaka ya mwisho juu ya ardhi ya kijiji yatoke mikononi mwa dola yawe ya mkutano wa kijiji. Serikali haikuikubali nguzo hiyo, na sheria za ardhi za mwaka 1999 ziliuacha udhamini wa ardhi yote kwa Rais. Lakini mambo mengine yaliingia katika sheria, na ubishi ukabaki wazi ili kila mtu ausome. Miaka ishirini ilipita kati ya kalamu iliyokatazwa na kalamu iliyoombwa. Katika miaka ile ishirini kulikuwa na watu vijijini wakigombea mipaka.

Yafaa kuitazama sheria pia. Haki za binadamu ziliingia katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984, nazo zikaanza kutetewa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 18 humpa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, na wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Mwaka 1997 UNESCO ilipitisha pendekezo juu ya hadhi ya walimu wa elimu ya juu, likiutambua uhuru wao kwa jina. Hata hivyo sheria ndogo yaweza kula haki kubwa. Mwezi wa Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, likafanya kuwa ni kosa kutangaza takwimu zenye kupinga au kutia shaka takwimu za serikali, na kutaka kibali kwa anayetaka kuchapisha zake. Benki ya Dunia yenyewe ilieleza wasiwasi wake hadharani. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa tena, na adhabu ile ya jinai ikaondolewa.

Uzito wa jambo hili haupimwi vizuri mjini. Upimwe Iguguno, mwaka ambao mvua imekatika mwezi wa Februari na alizeti imenyauka kabla ya kutoa kichwa. Mchunguzi wa chuo kikuu akitembea nyumba kwa nyumba, akahesabu maghala, akaona kwamba kaya nyingi hazitafika mavuno, naye akasikia kwamba ofisi imekwisha kuandika kuwa chakula kinatosha, afanye nini? Akinyamaza, mahindi ya msaada hayatakuja. Akisema kwa hofu, atasema nusu. Akisema wazi akiwa amekosea, wenzake wenye elimu ileile watamsahihisha, na hesabu itakuwa bora. Mwenye hesabu ya kweli haogopi kuhesabiwa mara ya pili.

Wapo wanaosema kwamba vibali vya utafiti, vinavyotoka Tume ya Sayansi na Teknolojia na kupitia mkoani, wilayani na katani hata kumfikia mwenyekiti wa kijiji, ni kuta za kuuzuia ukweli. Maneno haya yana nusu ya haki. Kibali humlinda mwanakijiji dhidi ya mtafiti mwenye kumchunguza kama mdudu, kuchukua damu yake au siri yake na kuondoka. Ulinzi huo ni wa lazima. Ubaya huanza pale mlango uliojengwa kumlinda mkulima unapotumika kuilinda ofisi dhidi ya habari za mkulima.

Tena uhuru wa mwanachuoni haukabwi na dola peke yake. Tangu mishahara ilipoanguka, walimu wengi wa vyuo vya Afrika Mashariki wameishi kwa kazi za ushauri. Mfadhili huleta swali, hulipia jibu, na ripoti huwa mali yake. Akipenda huichapa, asipopenda huifungia sandukuni. Mahmood Mamdani wa Makerere aliandika mwaka 2007 juu ya chuo hicho kilivyogeuzwa soko. Hakuna polisi anayekuja usiku katika soko hili, wala gazeti halipigwi marufuku. Lakini maswali ambayo hayana mnunuzi hayaulizwi, na swali la mkulima wa nchi ya ukame ni mojawapo. Kuna pia kifungo cha lugha. Utafiti unaofanywa kwa Kiswahili au Kinyiramba, ukaandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa ng'ambo kwa bei ya ng'ombe, haumrudii aliyeujibu. Uchunguzi wa Kiswahili umekuwa na taasisi yake chuoni tangu mwaka 1964, nayo imeonyesha kwamba lugha hii yaweza kubeba elimu yoyote. Mwanachuoni anayedai uhuru wa kusema, kisha akasema mahali ambapo aliyemlipia hawezi kumsikia, ametumia nusu ya haki yake na kuacha nusu ya wajibu wake.

Hoja kubwa ya wapinzani wa uhuru huu imekuwa moja tangu mwaka 1966: kwamba mkulima ndiye alipaye, na mwenye kulipwa na maskini asijitie ukubwa wa kubishana na serikali ya maskini. Hoja hii yafaa ipokelewe kwa heshima, kisha igeuzwe ionekane upande wake wa pili. Mkulima wa Iguguno alipompeleka mganga kumtazama ng'ombe wake mgonjwa, hakumlipa ili amwambie kwamba ng'ombe ni mzima. Alimlipa ili ajue. Vilevile kodi yake ilimnunulia taifa macho. Mwenye kuyafumba macho yale amemwibia, hata akifanya hivyo kwa jina lake. Na mwanachuoni anayeyafumba mwenyewe, kwa hofu au kwa posho, naye yumo katika wizi huo.

Ule mfano wa mwaka 1964, basi, ungali una nguvu yake yote. Kijiji kina njaa, na mjumbe amekula chakula cha mwisho ili apate kwenda. Anaporudi, kazi ya wenyeji ni kumpisha aingie barazani na kumwacha aeleze alichokiona njiani, hata kama hakikuwa kile walichokitarajia. Na kazi yake ni kurudi, na kusema kwa lugha yao. Ya kuamini na ya kukataa wataamua wao wenyewe, maana njaa ni yao na shamba ni lao.